Ajali Ambayo Bado Haijatokea

Mzee amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, kidole gumba cha mguu wa kushoto kinatafuta ndara. Mkono wake wa kulia una kanula, na mpira wa dripu umepita nyuma ya mgongo kwenda kwenye stendi iliyosimama upande wa pili wa kitanda. Mbele yake kuna meza ya kulia chakula, ile ya wodini yenye magurudumu, na juu yake glasi ya maji, sahani ambayo haijaondolewa, na miwani. Mfuko wa mkojo umefungwa kwenye reli ya kitanda. Ndara moja iko chini ya meza, nyingine imeingia uvunguni. Mlango wa choo uko wazi, hatua chache kutoka hapo. Muuguzi yumo pia: amempa mzee mgongo, anamhudumia mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Hiyo ni picha ya kuchorwa kwa kalamu kwenye karatasi. Hakuna aliyeanguka, hakuna damu, hakuna aliyepiga kelele. Wauguzi watano au sita wamesimama kuizunguka, mmoja ameshika kalamu, na swali ni moja: katika picha hii kuna hatari gani?

Wajapani wanaliita zoezi hili KYT, ufupisho wa Kiken Yochi Training, yaani mafunzo ya kutabiri hatari. Halikuzaliwa hospitali. Lilizaliwa kwenye chuma cha moto: mwaka 1974, katika kiwanda cha kampuni ya Sumitomo Metal mkoani Wakayama, mahali ambapo mtu akikosea hapati muda wa kusema samahani. Mwaka mmoja kabla, shirika la usalama na afya viwandani la nchi hiyo, JISHA, lilikuwa limeanzisha kampeni ya kufikia ajali sifuri kazini, na zoezi la picha likaingizwa humo na kusambaa kwenye viwanda, reli na maeneo ya ujenzi. Kiwandani mchoro ulionyesha fundi juu ya ngazi, kreni iliyobeba mzigo, au mtu anayesukuma toroli bila kuweza kuona mbele yake. Kwa miaka ishirini na zaidi hakuna aliyefikiri sana kwamba wodi nayo ni mahali pa namna hiyo.

Kutabiri huku hakuna uaguzi ndani yake. Dereva mzoefu wa daladala akiona mpira unadunda kuvuka barabara, mguu wake uko kwenye breki kabla mtoto hajatokea. Mwanafunzi wa udereva anaona mpira tu. Macho yanaweza kufundishwa jambo hili, na kuna nchi zilizoliamini kiasi cha kulitungia mtihani: tangu Novemba 2002, anayetaka leseni Uingereza huonyeshwa filamu fupi za barabarani na kutakiwa kubonyeza kitufe pale hatari inapoanza kujitengeneza, kabla haijawa ajali. Anayebonyeza mapema hupata alama nyingi. Akichelewa, hapati kitu.

Kilichowasukuma wauguzi wa Japani kuazima zoezi la wafua chuma ni kipindi kimoja kibaya sana.

Tarehe 11 Januari 1999, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Jiji la Yokohama, muuguzi mmoja aliwashusha wagonjwa wawili kwa pamoja kwenda chumba cha upasuaji, kila mmoja kwenye machela yake. Mmoja alikuwa na miaka 74, afanyiwe upasuaji wa moyo. Mwingine alikuwa na miaka 84, afanyiwe wa pafu. Pale walipokabidhiwa, wakabadilishwa. Wakiitwa kwa majina yasiyo yao, waliitikia. Mgonjwa wa moyo alikuwa na kiraka cha dawa ya moyo kimebandikwa mgongoni. Mtaalamu wa usingizi alikiona, akakibandua, kazi ikaendelea. Katika chumba kingine vipimo vya moyo havikufanana na vilivyokuwa kwenye faili, na hilo pia lilionekana. Wodini ikapigwa simu kuuliza kama mgonjwa fulani ameshashuka. Jibu likawa ndiyo, ameshashuka. Na kweli alikuwa ameshashuka, ila alikuwa chumba cha pili. Kila mmoja akapasuliwa kwa ugonjwa wa mwenzake, na kosa likagundulika walipokwisha kufikishwa wodi ya uangalizi maalumu.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Februari, katika hospitali ya Hiroo ya serikali ya mji wa Tokyo, mwanamke wa miaka 58 aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa kidole alitakiwa kusafishiwa kanula kwa dawa ya kuzuia damu isigande. Sirinji mbili zilikuwa zimeandaliwa sehemu moja, moja ikiwa na dawa hiyo na nyingine ikiwa na dawa ya kuulia vijidudu kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Zote wazi, zote za aina moja, na maji yaliyomo yanafanana. Lebo zikapotoshana. Muuguzi mwingine akaja kitandani akakuta sirinji imewekwa tayari, akaamini mikono ya mwenzake, akaidunga. Mgonjwa alifariki siku hiyohiyo.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto. Chombo cha kutia unyevu kwenye mashine ya kupumulia ya mgonjwa kilijazwa ethanoli badala ya maji safi, kwa kuwa madumu ya vitu hivyo viwili yalifanana. Dumu lilipofika kando ya kitanda likawa limeshakuwa "dumu la maji". Zamu baada ya zamu, kwa takriban saa 53, wauguzi waliendelea kuongeza kutoka humohumo. Mgonjwa alifariki.

Nimeziweka habari hizi tatu pamoja makusudi, kwani ukizisoma moja moja utatafuta mzembe. Ukizisoma pamoja unaona kitu kingine: katika zote, hatari ilikuwa mezani, inaonekana kwa macho, mara nyingine watu kadhaa wameiona. Kiraka kilibanduliwa na mtu aliyekuwa na akili timamu na elimu ya kutosha. Alichokosa ni nafasi, desturi, hata sentensi, ya kusema: "Jamani, hiki kiraka kinafanya nini kwa mgonjwa wa pafu?"

Katika miaka hiyo hiyo Haruko Kawamura, daktari na mtafiti, alikusanya na kuchambua matukio karibu 11,000 ambayo wauguzi wa Japani walikuwa wamenusurika nayo: dozi iliyogunduliwa dakika ya mwisho, mgonjwa aliyedakwa akiteleza, mpira uliounganishwa pasipo pake na kuchomolewa mapema. Wajapani wana jina la matukio hayo, hiyari-hatto, jasho jembamba na mshtuko. Wizara yao ya afya iliufanya mwaka 2001 kuwa mwaka wa usalama wa mgonjwa, na taarifa za namna hiyo zikaanza kukusanywa kitaifa. Ndipo mchoro wa mtu juu ya ngazi ulipobadilishwa ukawa mchoro wa mzee ukingoni mwa kitanda.

Turudi kwake, tuone zoezi linavyokwenda. Lina hatua nne, na zinaonekana nyepesi mno mpaka uzijaribu.

Hatua ya kwanza ni kutaja hatari, nyingi kadiri inavyowezekana, bila mtu kumkosoa mwenzake. "Mzee anaweza kuanguka," anasema wa kwanza. Karibu kila kikundi huanza hivyo, na kiongozi aliyefundwa vizuri haiandiki sentensi hiyo. Anauliza: ataangukaje? Kanuni ya KYT ni kwamba hatari isemwe yote, toka chanzo mpaka matokeo: pana nini, mtu atafanya nini, kisha itakuwaje. Muuguzi anajaribu tena: "Meza ina magurudumu na haijafungwa breki. Mzee ataiegemea ili ainuke, itamkimbia, ataangukia nyonga." Hapo kalamu inaandika. Angalieni pia kwamba "huenda" imetoweka. Katika picha hii ajali inasimuliwa kama jambo linalokuja.

Baada ya hapo zinamiminika. Mpira wa dripu umepita mgongoni. Akisimama kwenda chooni utamvuta, kanula itachomoka. Ndara moja iko uvunguni. Akiinama kuitafuta baada ya kulala siku kadhaa, kichwa kitamzunguka. Mfuko wa mkojo umefungwa kwenye reli. Atausahau, atapiga hatua mbili, mpira utamvuta na kumwumiza. Miwani iko mezani. Ataondoka bila miwani, hatakiona kizingiti. Kisha yule mdogo kuliko wote, aliye mazoezini, ambaye mpaka sasa alikuwa kimya, anasema: "Muuguzi amempa mgongo. Mzee ataona haya kumwita binti wa umri wa mjukuu wake ampeleke haja kubwa. Atasubiri asitazamwe, ndipo aende."

Sentensi hiyo haimo katika kitabu chochote cha uuguzi nilichokipitia, na ina ukweli kuliko nyingine zote. Mzee wetu hashindwi kuita. Anakataa kuita. Hata ukimwekea kengele ya dhahabu kando ya mto hataigusa.

Hatua ya pili ni kuchagua. Hatari zenye uzito zinawekewa duara, kisha moja au mbili zinawekewa duara la pili, na kikundi kizima kinakubaliana kwamba hii ndiyo hatari yetu. Mabishano hutokea hapa, na ni mabishano mazuri. Mwenye miaka ishirini kazini amewahi kuona nyonga iliyovunjika ikimlaza mtu miezi. Mgeni anahangaikia kanula, maana kanula ndiyo aliyofundishwa wiki iliyopita.

Hatua ya tatu ni kusema utafanyaje. Ya nne ni kuchagua tendo moja la kushikwa na wodi nzima, likageuzwa kuwa sentensi fupi, nayo ikasemwa kwa sauti, wote pamoja, huku wakinyoosha kidole: "Kabla sijampa mgonjwa mgongo, namuuliza choo na kufunga breki ya meza. Sawa!"

Msomaji wa Kiswahili atacheka kidogo hapo, na ana haki. Muuguzi akinyooshea ampuli kidole na kusema peke yake "Jina sawa, dawa sawa, dozi sawa, njia sawa, saa sawa," ndugu wa mgonjwa wataulizana kama sista yuko vizuri. Lakini desturi hii ya kunyoosha kidole na kutamka ni ya zamani kwenye reli za Japani, na iliwahi kupimwa. Mwaka 1994 taasisi ya utafiti wa reli ya nchi hiyo iliwapa watu kazi rahisi ya kufanya na kuhesabu makosa yao. Waliofanya kimyakimya walikosea mara 2.38 katika kila matendo 100. Walionyoosha kidole na kutamka walikosea mara 0.38. Mkono, jicho, mdomo na sikio vikishughulikia kitu kimoja kwa wakati mmoja, akili haipati mwanya wa kuzurura. Jaribio hilo ni la maabara, na wodi ya saa kumi alfajiri si maabara. Hata hivyo nisingelidharau.

Hatua ya tatu ndiyo inayoamua kama zoezi zima ni mafunzo au ni kwaya.

Mwambie muuguzi yeyote aseme atafanya nini ili sirinji mbili zisibadilishwe, na neno la kwanza kumtoka litakuwa "nitakuwa makini". La pili, "nitahakikisha". Yote ni maneno matupu. Aliyedunga pale Hiroo alikuwa makini kwa kiwango cha kawaida cha binadamu, na hakuna kozi inayoweza kumwongezea mtu umakini wa kudumu kama anavyoongezewa damu. Wakufunzi wazuri wa KYT huyapiga marufuku maneno hayo. Wanataka tendo linaloonekana kwa macho, linalofanyika leo, na linalosemwa kwa kukubali: si "usiache meza wazi" bali "funga breki ya meza". Ukisimama mlangoni mwa wodi unaweza kuona kama breki imefungwa. Kuona kama mtu "amehakikisha" huwezi.

Juu ya ngazi hiyo kuna ngazi nyingine, na KYT iliyofundishwa kwa uvivu haifiki huko. Tendo bora ni lile linaloiondoa hatari yenyewe, ili hata muuguzi aliyechoka, mwenye homa, mwenye mtoto mgonjwa nyumbani, asiweze kukosea. Japani ilipitisha mwaka 2000 viwango vya vifaa vya kulishia wagonjwa kwa mpira, ncha za sirinji zake zikafanywa zisiweze kuingia kwenye njia ya dripu. Hapo huhitaji kukumbuka chochote, haiingii tu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo yake tisa ya usalama wa mgonjwa mwaka 2007, moja lilihusu madini ya dripu yaliyokolezwa, kama vile kloridi ya potasiamu, ambayo ikidungwa bila kuzimuliwa inaweza kusimamisha moyo. Unaweza kuwafanyia wauguzi KYT ya picha ya ampuli ya potasiamu iliyolala kando ya ampuli ya maji ya kuchanganyia dawa kila Jumatatu kwa mwaka mzima. Au unaweza kuitoa potasiamu kwenye kabati la wodi ikakaa famasi. Zoezi la picha limefanya kazi yake siku kikundi kinapolifikia jibu hilo la pili chenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki mbegu za mambo haya si ngeni. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya, kwa ushirikiano na shirika la maendeleo la Japani, JICA, ilianza mtindo wa 5S wa kupanga mahali pa kazi, ukaenea kwenye hospitali nyingine nchini. Muuguzi wa Tanzania leo anaweza kuyataja maneno yake bila kufikiri: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ukiingia stoo iliyopitiwa na 5S unaona kila kitu kina pake na lebo yake. KYT ni ndugu wa mtindo huo. Stoo ikishapangika, mtu bado anahitaji kuuliza kitatokea nini kitu kikitoka pake usiku wa manane.

Hata faida ya kusema kwa sauti ilishapimwa kwetu. Orodha ya usalama katika upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, nyingine ziko London, Seattle na Toronto, na mojawapo ikiwa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Matokeo yakachapishwa mwaka 2009: vifo katika hospitali hizo kwa jumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha yenyewe ni karatasi moja. Sehemu ya kazi yake ni kuwalazimisha watu walio chumbani watajane majina na kuthibitisha, kabla ya kisu, huyu ni nani na anapasuliwa wapi.

"Huyu ni nani" ina uzito wa pekee kwetu. Wale wagonjwa wa Yokohama waliitikia majina yasiyo yao, na watu wengi waliosoma habari hiyo walishangaa. Mtu aliyelelewa pwani hatashangaa. Ukiitwa unaitika kwanza, labeka au abee, ndipo uulize kama ni wewe uliyeitwa. Tena anayeita kavaa sare nyeupe, na wewe umelala chali na njaa ya tangu jana usiku. Muuguzi akiuliza "Wewe ndiye Mwanaisha Juma?" mama atasema ndiyo, maana ameona ni adabu, au hakusikia vizuri, au yeye ni Mwanahawa na ameona tofauti si kubwa. Dawa yake ni kugeuza swali: "Mama, nitajie jina lako lote." Halafu jina la kijiji, maana kina Mwanaisha Juma wanaweza kuwa wawili katika wodi moja, na katika wodi nyingine wanaweza kuwa wawili katika kitanda kimoja. Picha ya KYT iliyochorwa Tokyo haina vitanda vya wawili. Haina ndugu anayelala chini ya kitanda na kumnywesha mgonjwa uji akiwa bado amelala, wala mtungi wa oksijeni ulioegemezwa ukutani bila mnyororo. Haina taa ya simu. Umeme ukikatika zamu ya usiku, muuguzi anashika simu kwa meno na kuchoma sindano kwa mikono miwili. Kwa hiyo anayetaka kufundisha KYT Tabora au Bungoma asinakili picha. Apige za wodini kwake, bila sura ya mgonjwa, kabla ya siku ya usafi mkubwa na si baada yake.

Muda hautoshi, wauguzi watasema, na ni kweli. Wajapani wenyewe wana namna fupi ya zoezi hili, watu watatu, hatari moja, dakika chache tu. Mahali pake pazuri ni pale zamu zinapokabidhiana: badala ya ripoti kuishia "kitanda namba saba, hali yake inaendelea vizuri", mtoa zamu aongeze sentensi moja ya hatari iliyokamilika. "Namba saba ametolewa mpira wa mkojo mchana, usiku atataka kwenda choo mwenyewe, na sakafu ya huko imelowa." Anayepokea zamu anajua atapita wapi kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo nimelisikia kwa wauguzi wengi, nao hulisema wakiwa nje ya geti: barua ya kujieleza. Muuguzi akinusurika kumpa mgonjwa dawa ya mwingine, ana njia mbili. Aseme, na wiki ijayo ajibu kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu. Au anyamaze, aombe Mungu, na kesho mwenzake aikute ampuli ileile mahali palepale. Wengi wananyamaza, nami sioni ajabu. Hapo ndipo picha ya mzee inapowashinda wakaguzi. Katika picha hakuna aliyekosea, kwa sababu hakuna kilichotokea. Hatari bado haina mwenyewe. Binti aliye mazoezini anaweza kuisema mbele ya sista inchaji na mbele ya daktari bila kumshitaki mtu, na daktari anaweza kujibiwa "Daktari, hiyo haijakamilika, itakuwaje baadaye?" bila mtu kuvunjiwa heshima. Wodi iliyozoea kusema hivyo mbele ya karatasi ina uwezekano mkubwa zaidi wa kusema mbele ya machela.

Ila silaha hii inakata kuwili. Nina hofu na siku ambayo mzee wa kweli ataanguka, na uongozi utatoa daftari la mahudhurio: mlifundishwa kutabiri hatari, mbona hamkutabiri? Ikifika hapo KYT imegeuka mtego mpya wa kumnasia muuguzi, na bora isingeanzishwa. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa arobaini usiku ameshatabiri kila kitu. Anajua nani ataanguka, nani atachomoa kanula, nani hatafika asubuhi. Hawezi kuwa mahali pawili. Picha hazimzalishii muuguzi wa pili, na mkuu yeyote wa hospitali anayeleta mafunzo haya akiwa amepunguza watu wa zamu anawadanganya wauguzi, na wanamjua.

Kwa hiyo kila karatasi ya zoezi inahitaji kugawanywa. Upande mmoja yaandikwe matendo yaliyo mikononi mwa wauguzi: kuuliza choo, kuhamisha stendi ya dripu upande wa mkono wenye kanula, kuweka ndara pamoja. Upande wa pili yaandikwe yale ambayo kikundi kimeyafikia lakini hakina uwezo nayo: breki za meza zilizokufa, mnyororo wa mtungi wa oksijeni, balbu ya choo, mtu wa pili wa zamu ya usiku. Upande huo wa pili uende kwa mganga mfawidhi, naye aurudishe ukiwa na jina la mhusika na tarehe mbele ya kila jambo. Na pale jibu linapokuwa hakuna fungu, liandikwe hivyohivyo, hakuna fungu, kwa sahihi yake, na karatasi ibandikwe wodini.